Wangapi kwa Mpigo

Mpunga ukianza kutia maziwa, kwetu Kipatimu mtoto hakulala mpaka jua limkute kitandani. Bibi alikuwa akiniamsha kungali giza, ananifunga khanga begani kwa ajili ya umande, ananipa kipande cha muhogo wa kuchemsha, kisha tunateremka bondeni tukifuatana, yeye mbele na jembe, mimi nyuma nikitweta. Ndege huamka na njaa. Saa mbili za mwanzo baada ya kupambazuka, na mbili za mwisho kabla ya magharibi, hula kwa pupa kuliko wakati mwingine wowote, na anayechelewa kupanda dungu hukuta wameshatua.

Dungu letu lilikuwa la miti minne, sakafu ya fito, paa la nyasi. Kutoka pale juu zilitoka kamba kwenda pembe zote za shamba, na kila kamba ilining'inizwa makopo yenye kokoto. Ukivuta hii, kopo la mtoni linapiga kelele. Ukivuta ile, linajibu la upande wa mchungwa. Kati ya nguzo tulifunga kanda za kaseti zilizokwisha kuharibika, ambazo upepo ukipita zilivuma kama nyuki. Kombeo lilikuwa la wavulana wakubwa. Mimi, binti wa miaka minane katika miaka ya 1980, nilipewa kamba na sauti yangu.

Kazi hii ina majina yake, na ninayataja kwa sababu ninaona yanapotea: kuamia ni kulilinda shamba na ndege, kuwinga ni kuwafukuza wenyewe. Ukimwambia leo kijana wa mjini kwamba utoto wako ulipita katika kuamia, anaweza kudhani umesema kuhamia.

Nilimwona ndege kwanza kama adui, basi nilimtazama kama mtu anavyomtazama adui, bila kupepesa. Nilijua nani anatangulia. Wadogo wenye kichwa cheusi na tumbo jeupe, ambao wawili wakisimama kwenye shuke moja la mpunga halivunjiki, walikuja kundi zima kama mchanga uliotupwa, wakashuka ndani kabisa ya majani ili wasionekane. Mnana walitua kwanza juu ya mchungwa, wakakaa wakibishana, ndipo wakaingia. Tetere walipenda chini, wakiokota kilichodondoka, na hao bibi alisema tusiwasumbue. Nilijua kwamba dudumizi akitoa ule mlio wake wa maji yanayomiminika kutoka kwenye chupa, watu wazima watainua macho kutazama mawingu. Sikufundishwa haya yote. Yaliniingia kwa sababu nilikaa pale tangu alfajiri mpaka jioni, wiki baada ya wiki, bila redio wala kitabu, na kazi yangu ilikuwa moja tu: kuona kabla ya kuonwa.

Nilichofundishwa hasa ni kuhesabu. Jioni bibi akipanda dungu kuniuliza habari za mchana, nikamjibu kwamba ndege walikuja wengi, hakuridhika. "Wengi ndio wangapi?" Nikajaribu: mia tatu. "Umewaonaje hao mia tatu?" Nikaeleza kwamba walikuja, nikawawinga, wakaja tena, nikawawinga, wakaja tena. Akacheka kidogo, akanieleza kwamba hao hawakuwa mia tatu. Walikuwa mia moja walionichosha mara tatu. "Mjukuu wangu, niambie wamekuja wangapi kwa mpigo." Tangu siku hiyo nilitafuta ile nukta moja ambapo kundi lote limekaa au limeruka pamoja, nikahesabu kwa kumi kumi, na hesabu kubwa kuliko zote za siku ndiyo niliyompelekea.

Kulikuwa na jambo jingine la bibi ambalo lilinikera. Ukingo wa shamba upande wa mto hakuupalilia. Nyasi pori ziliachwa zikue, zichanue, zitoe mbegu, na sisi tukilima kila mahali pengine mpaka mikono ikatoka malengelenge. Majirani walisema mzee amechoka. Mwaka mmoja mjomba, kwa nia njema, akaja na fyekeo akausafisha ukingo ule wote kwa asubuhi moja, ukapendeza. Msimu ule nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Wale wadogo wenye kichwa cheusi, ambao miaka yote walishinda ukingoni wakila mbegu za nyasi na kuingia shambani kwa wizi wa mara mojamoja, sasa walikuwa shambani tangu asubuhi. Mvua nayo ilikuwa ya shida mwaka ule, kwa hiyo simtwishi mjomba lawama yote. Lakini mwaka uliofuata nyasi ziliachwa, na mjomba hakusema neno.

Baadaye sana nilisoma habari za kwelea kwelea, wale wanaovamia mashamba ya nafaka ya Dodoma na mpunga wa Mbarali. Kila mmoja ana uzito wa takriban gramu 20 tu, lakini hula takriban gramu 10 za punje kwa siku, na milioni moja wakitua mahali wameondoka na tani 10. Wanaowachunguza wanaeleza kwamba chakula wanachokipenda hasa ni mbegu za nyasi pori. Nafaka zetu huziendea zaidi pale nyasi zinapopungua. Niliposoma hapo nilifunika kitabu nikakaa kimya. Bibi yangu hakujua kusoma.

Kutoka kwetu hadi Nandete si mbali, na hapo ndipo Julai 1905 Wamatumbi walipong'oa miche ya pamba ya Wajerumani na vita vya Maji Maji vikaanza. Shuleni tulifundishwa habari za viboko na kodi, na ni kweli. Lakini mtu aliyewahi kukaa dunguni anaongeza jambo lake hapo. Kumtoa mkulima shambani kwake ukampeleka kwenye pamba ya mwingine ni kuliacha dungu lake tupu, na shamba la nafaka lisiloamiwa kwa siku chache tu za kukomaa halirudishi hata mbegu. Ninaposoma kurasa za vita hivyo huwa ninawaza makopo yaliyokaa kimya.

Baada ya mavuno mambo yaligeuka. Mpunga ukiwa ghalani, adui alikwisha. Asubuhi mama na shangazi walitwanga kwenye kinu chini ya mwembe, wakapeta, na pumba zikamwagwa pembeni pamoja na chenga zilizokosa kuokotwa. Hapo ndipo nilipowatazama wale wale ndege kwa jicho jingine. Kuku walitangulia, bila shaka, na jogoo akajifanya anawaita wenziwe huku akimeza yeye. Wakafuata shorewanda, wasio na haya, mpaka miguuni mwa mtwangaji. Tetere walikuja kwa miguu kutoka nyuma ya choo, wakitingisha kichwa kila hatua. Pugi walikuja wawili wawili, daima mwisho, kana kwamba wanaomba radhi. Shore hakujali nafaka. Yeye alikaa juu ya mwembe akingoja tutupe maganda ya papai. Na chozi walikuwa kwenye ua la mgomba, hawatazami chini kabisa.

Juu ya mnazi wa jirani mnana walikuwa wakijenga. Dume anachana ukuti kwa mdomo, anaondoka na uzi mrefu wa kijani, anausuka. Kiota kikikamilika ananing'inia chini yake kichwa kikielekea ardhini, anapiga mabawa na kuita. Jike anakuja, anaingia, anavuta nyuzi kwa ndani kuona kama zimekaza, anaondoka. Kiota kikikauka na kuwa cha hudhurungi bila jike kukikubali, dume mwenyewe anakifumua na kuanza upya palepale. Nimewahi kumwona mmoja akifumua mara mbili. Shangazi alisimamisha mchi hewani, akasema, "Angalia, huyo hajakata tamaa," kisha akaendelea kutwanga.

Mama hakumwaga pumba ili ndege wale. Alizimwaga kwa sababu ni pumba. Lakini hakuwafukuza, na mwezi mmoja tu kabla ya hapo angenichapa kwa kumwacha mmojawapo atue.

Januari 2019 nilikwenda Birmingham, Uingereza, kwa mdogo wangu aliyejifungua mtoto wake wa kwanza. Baridi ile sitaielezea. Mtoto alikuwa halali mpaka atembezwe, basi kila asubuhi nilimfunika, nikamsukuma kwenye kigari mpaka bustani ya umma iliyo mwisho wa mtaa. Miti ilikuwa mitupu. Kwenye mti mmoja ilining'inizwa mirija angavu yenye vitobo, mmoja umejaa mbegu za alizeti, mwingine wa waya umejaa karanga. Karanga! Nilisimama nikazitazama. Zilikuwa zimemenywa, safi, zinazofaa kabisa kutiwa kwenye mchicha, na vindege visivyozidi ukubwa wa chozi vilikuwa vikizidonoa.

Nitasema ukweli: mara ya kwanza niliumia. Nilimkumbuka mama akihesabu karanga za mbegu kwenye kikombe. Nilizunguka bustani nikarudi nyumbani bila kumweleza mdogo wangu.

Siku ya tatu nilimkuta pale mama mtu mzima, mwenye umri wa bibi yangu niliyemwacha dunguni, amekaa kwenye benchi na karatasi na kalamu. Nikamwamkia. Akanisogezea nafasi bila kuuliza lolote. Ilikuwa mwisho wa Januari, na siku hizo watu wengi wa Uingereza hukaa saa moja mahali pamoja kuhesabu ndege, zoezi lililoanza 1979 kama shughuli ya watoto. Huendeshwa na chama cha kulinda ndege ambacho mwanzo wake ni mikutano ya wanawake wa Manchester, mwaka 1889, waliochoshwa na kuona ndege wakiuawa ili manyoya yao yapambe kofia. Alinieleza haya polepole, akitazama mti. Kisha akanieleza sheria ya kuhesabu: huandiki kila anayekuja, kwa maana yuleyule huenda na kurudi; unaandika idadi kubwa kuliko zote uliyoiona kwa wakati mmoja.

Niliganda. Nilitaka kumwambia kwamba sheria hiyo ninaijua tangu nikiwa na miaka minane, kwamba kwetu ilitolewa na mwanamke asiyejua kalamu, lakini Kiingereza changu kilinikimbia. Nikasema tu, "Ndiyo. Kwa mpigo."

Akaniuliza kama kwetu tunawalisha ndege. Nikamjibu kwamba kwetu tunawafukuza. Uso wake ulibadilika, na nikaona lazima nimweleze kila kitu: dungu, kamba, makopo, umande, mpunga wa mwaka mzima wa watu tisa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuniambia kwamba anaelewa. Aliuliza maswali: kundi unaliona kutoka umbali gani? Unamjuaje kiongozi? Ni yupi anayeingia kimya? Yalikuwa maswali ya mtu wa kazi hiyohiyo. Nami nikamuuliza yake, naye akanieleza jambo ambalo sikulitarajia, kwamba kila wiki hushusha mirija ile akaisafisha kwa dawa, ikauka kabisa, ndipo akairudisha. Kuna aina ya chiriku wa huko, wa kijani, waliokuwa wengi kila bustani. Tangu 2005 hivi ugonjwa wa kimelea cha koo uliwaingia, na mahali walipoambukizana sana ni hapo kwenye chakula, mdomo kwa mdomo. Miaka miwili baada ya mazungumzo yetu, 2021, ndege huyo aliingizwa kwenye orodha nyekundu ya Uingereza. Aliyeuning'iniza mrija alimpenda ndege huyo. Kumpenda hakukutosha, ilitakiwa pia brashi na maji ya moto.

Na chakula kile kina nguvu kuliko tunavyodhani. Kuna ndege mdogo wa kijivu mwenye kofia nyeusi, mzaliwa wa Ulaya ya kati, ambaye desturi yake ilikuwa kwenda kusini majira ya baridi. Siku hizi baadhi yao wanaelekea Uingereza badala yake, na waliochunguza wanasema mirija hii ya bustanini ni sababu kubwa. Watu wananing'iniza mbegu dirishani, na njia ya safari ya ndege inageuka.

Kabla hatujaachana alilalamika kwamba mbayuwayu wanaozaa kwenye banda la kaka yake shambani wamepungua. Nikamwambia, "Saa hizi wako kwetu." Sijui kama ni walewale wa banda lile, lakini tangu vuli mpaka masika huwa tunawaona wa aina hiyo juu ya bonde, wakikata hewa chini chini mvua ikikaribia. Alishusha kalamu akanitazama kana kwamba nimemletea salamu kutoka kwa jamaa.

Sikumaliza kumweleza kila kitu. Sikumweleza mlembe, na hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu ndilo jibu halisi la swali lake. Kama kuna ndege wa porini tunayemlisha kwa makusudi, ni huyo. Mjomba yuleyule wa fyekeo alikuwa mrina asali. Mlembe huja karibu na watu, akapiga kelele kama mtu anayetikisa kiberiti kilichojaa njiti, akaruka mti mmoja mbele, akangoja. Mjomba alimjibu kwa mluzi na kugonga shina, akamfuata mpaka mzingani. Asali ikitolewa, aliweka kipande cha sega lenye nta juu ya jani, mahali wazi. Watu husema ukimnyima, safari ijayo atakupeleka kwa chatu. Mjomba hakusema habari za chatu. Alisema kazi ameifanya, alipwe.

Ng'ambo ya Ruvuma, katika pori la Niassa nchini Msumbiji, Wayao wanarina hivyohivyo, wakimwita kwa mlio maalumu waliourithi kwa baba zao. Mwaka 2016 mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walichapisha walichokipima huko: mrina akitoa mlio ule badala ya sauti nyingine, uwezekano wa mlembe kumwongoza hupanda kutoka thuluthi moja hadi thuluthi mbili. Wahadzabe wa bonde la Eyasi nao humfuata ndege huyohuyo kwa miluzi yao, lakini mara nyingi nta huificha au kuichoma, ili abaki na njaa aendelee kuongoza. Nimezitafakari desturi hizi mbili sana. Zote zinatoka kwa watu wanaomjua ndege mpaka kwenye tumbo lake. Wa kwetu walichagua kulipa papo hapo, na mimi niko upande wa mjomba.

Tunao pia tuliowalisha bila kukusudia. Kunguru hawa wa mjini waliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890, wasafishe taka za mji. Taka hazikuisha na kunguru hawakuisha. Wameenea mwambao wote, wanakula makinda na mayai ya ndege wengine. Nikiwa Dar es Salaam nikipita jalalani asubuhi, ninaona lile ndilo sinia letu la ndege, limejazwa kila siku bila anayeketi kuhesabu nani amekuja.

Mwaka 2025 mdogo wangu alikuja nyumbani na mwanawe, aliyekuwa ametimiza miaka sita. Zamani safari hii ilikuwa ya kulala njiani tukisubiri kivuko Ndundu. Tangu daraja la Mkapa lifunguliwe 2003, mto Rufiji unavukwa kwa dakika moja, na aliyezaliwa ughaibuni hata haoni kwamba kuna kitu amevuka. Mtoto alikuja na daftari, maana mama yake amemfundisha kuhesabu ndege dirishani. Nilimwahidi uwanja wa kinu.

Uwanja ulikuwa mtupu. Mwembe upo, kinu kipo kimelala ubavu, lakini hakuna anayetwanga. Mpunga unapelekwa mashineni, na ninashukuru. Mabega ya mama yangu yameharibika kwa mchi. Watoto nao wako shule, siyo dunguni, na hilo pia ninalitaka. Lakini tulikaa nusu saa chini ya mwembe tukaona kuku watatu na shore mmoja, na nilihisi nimemdanganya mtoto.

Mama ndiye aliyetuambia. "Mnangoja nini hapo? Wamehamia mashineni."

Nyuma ya mashine ya kukoboa kuna kilima cha pumba kinachomzidi mtu urefu. Tulikaa juu ya gogo, mashine ikinguruma, vumbi likiruka, mtoto amejifunika pua kwa fulana. Walikuwapo wote. Shorewanda juu kabisa, tetere wakizunguka chini, pugi wawili pembeni, na wale wadogo wenye kichwa cheusi wakija na kuondoka kama pumzi. Mtoto aliandika mia na kitu. Nikamuuliza amewaonaje hao mia. Akaeleza. Nikamwambia alichoniambia bibi.

Akafuta. Akangoja, ulimi nje, kalamu hewani, mpaka kundi likatua lote, akaanza kuhesabu kwa kunong'ona akitumia vidole. Alifika kumi na wanne kivuli cha mwewe kilipopita juu ya kilima, na kufumba na kufumbua hapakuwa na kitu isipokuwa vumbi.

"Mama mkubwa," aliuliza, "niandike kumi na wanne au sifuri?"

"Kumi na wanne," nilimwambia. "Tumewaona."